Shajara ya mradi: kifaa cha vidole cha Shangazi, Igoma hadi Mwaloni

14 Januari 2024. Tunapoanzia

Shangazi yangu haoni wala hasikii, lakini anaongea. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowachanganya watu. Surua ilimharibu macho akiwa na miaka mitatu. Akasoma nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kupapasa, shuleni, akakua, akafanya biashara ya karanga na dagaa hapa Igoma, Mwanza, miaka mingi akitegemea masikio. Kisha akaugua kifua kikuu sugu na kuchomwa sindano za kanamycin kwa miezi. Alipona kifua, lakini dawa ile huua vinyweleo vya sikio la ndani, na vikishakufa haviotei tena. Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza mwaka 2018. Yeye alikuwa ameshachomwa.

Nyumbani tunaelewana vizuri. Alitufundisha mwenyewe kumwandikia nukta nundu juu ya vidole, kana kwamba mikono yake ni vitufe vya Perkins, mashine ya kuandikia nukta nundu: mkono wa kushoto, kidole cha shahada ni nukta ya 1, cha kati ya 2, cha pete ya 3, mkono wa kulia ni 4, 5 na 6 kwa mpangilio uleule. Baadaye nilisoma kwamba Japani, mama wa Satoshi Fukushima alibuni njia kama hiyo mwaka 1981, na mwanawe, kiziwi asiyeona, akaja kuwa profesa Chuo Kikuu cha Tokyo. Nilipomwandikia Shangazi habari hiyo vidoleni alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe na wao waliwaza."

Kazi iko nje. Dukani anaomba sukari nusu kwa sauti safi kabisa, muuzaji anamjibu imeisha, yeye bado amenyoosha mkono wenye hela. Watu husema anajifanya. Mbona anaongea?

Lengo alilolitaja yeye ni moja: aende soko la Mwaloni, Kirumba, akanunue dagaa wa kuuza rejareja, bila mimi. Miaka minne sasa naacha kibanda changu cha ufundi simu kila Jumamosi nimsindikize. Hajawahi kulalamika. Ila mwezi uliopita aliniambia, "Mwanangu, wanaongea na wewe. Mimi nabeba ndoo tu." Ndipo nikaanza.

Wazo la msingi nimelichukua kwa Haben Girma, mwanasheria kiziwi asiyeona aliyehitimu sheria Harvard mwaka 2013. Mtu baki humwandikia kwenye kibodi, na yeye husoma kwa vidole kwenye kifaa chenye nukta zinazoinuka na kushuka. Vifaa hivyo huuzwa kwa mamilioni ya shilingi. Mimi nina boksi zima la simu mbovu, na kila simu ina vaibreta ndani yake, kile kimota kinachoitetemesha. Badala ya nukta kuinuka, vaibreta itapiga kidole.

27 Januari. Kiganjani: imeshindwa

Nilishona vaibreta sita ndani ya glovu, upande wa kiganja, safu mbili za tatu tatu, kama nukta nundu yenyewe. Glovu 4,000, vaibreta bure.

Shangazi hakuweza kutofautisha hata a na b. Alisema, "Ni kama nyuki ndani ya chupa. Najua wamo, sijui wako upande gani." Nyama ya kiganja inasafirisha mtetemo, na kitambaa kinausafirisha zaidi. Nilisogeza vaibreta mbalimbali, nikapunguza nguvu, nikaweka sponji katikati. Siku tatu zimekwenda bure. Ukitaka kuiga kazi hii, ruka hatua hii kabisa: vaibreta moja kwa kidole kimoja, na pete za kitambaa zisigusane.

17 Februari. Herufi y

Pete sita, vidole sita. Ubongo wa kifaa ni ubao wa ESP32, kompyuta ndogo yenye Bluetooth, niliouagiza Dar kwa 28,000 na 5,000 za kusafirisha kwa basi. Pini ya ubao haiwezi kuendesha vaibreta moja kwa moja, kwa hiyo kila moja ina transista yake ya 2N2222 (swichi ndogo ya umeme), rezista ya ohmu 470 kwenye mguu wa kati, na diodi ya 1N4148 iliyogeuzwa sambamba na vaibreta. Programu ya simu nimeijenga kwa App Inventor, ya bure, na inatuma herufi kwa Bluetooth.

Jioni ya kwanza nilimwandikia "karibu chai". Akasoma, akageuka, akasema, "Chai bila sukari?" Nilifurahi mno.

Halafu kifaa kikaanza kuzima na kuwaka chenyewe. Wakati mwingine sentensi nzima inapita, wakati mwingine kinakufa neno la pili. Nilibadilisha waya, nikaandika programu upya, nikaulaumu ubao. Jioni mbili. Aliyegundua ni Shangazi. Alikuwa akinitajia maneno anayoyapata na yanayokatika, akasema, "Umekwama kwenye nyanya, ukakwama kwenye Nyegezi, ukakwama kwenye yai. Angalia y."

Ni kweli. Katika herufi zote tunazotumia Kiswahili, y peke yake ina nukta tano: 1, 3, 4, 5, 6. Nyingine zinaishia nne. Vaibreta tano zikianza kuzunguka kwa mpigo zinavuta umeme mwingi kwa kishindo, betri ya simu kuukuu inayumba, na ubao ukiona volti imeshuka unajizima. Dawa: betri mpya (12,000) na kapasita ya maikrofaradi 1000 karibu na ubao, inayotunza umeme kidogo wa kuziba mshtuko huo. Nyanya ikapita.

9 Machi. Mkono mmoja, na neno dagaa

Tulipotoka barabarani nikaona kosa ambalo ningeliona siku ya kwanza kama ningefikiria safari badala ya meza. Mkono wa kulia una fimbo nyeupe. Wa kushoto una ndoo. Pete za vidole sita zilikuwa na mkono upi wa kukaa?

Tukahamia mkono mmoja, vidole vitatu. Kila herufi inapigwa mara mbili: kwanza safu ya kushoto (1, 2, 3), kisha safu ya kulia (4, 5, 6), kwenye vidole vilevile. Mkono wa kushoto unaweza kushika mpini wa ndoo na bado ukasoma. Na kwa kuwa hazizidi vaibreta tatu kwa wakati mmoja, tatizo la y likaondoka lenyewe. Kapasita nimeiacha, haina madhara.

Ila likaja jipya. Nilimwandikia dagaa, akasoma "dagc". Nikarudia. Dagc. Saa ikawa "sc", kaa ikawa "kc". Herufi a ni nukta ya 1 peke yake, kwa hiyo a mbili zikifuatana ni pigo la kidole cha shahada, kimya, pigo la kidole cha shahada. Na c ni nukta ya 1 na ya 4, yaani pigo la kidole cha shahada, kisha pigo la kidole cha shahada. Tofauti ni urefu wa kimya tu, na mtu aliye ndani ya daladala inayoruka mashimo hawezi kupima kimya.

Nilijaribu kurefusha kimya kati ya herufi. Ikasaidia a, ikaua kasi. Lililofaa ni kubadilisha urefu wa pigo lenyewe: safu ya kushoto milisekunde 120, safu ya kulia 300. Sasa pigo fupi ni kushoto siku zote, refu ni kulia siku zote, na hakuna haja ya kupima kimya. Usishuke chini ya 120. Vaibreta inahitaji muda kuanza kuzunguka, ukiikatisha mapema inagusa tu kidole na kunyamaza.

Kasi yetu sasa ni herufi 80 hivi kwa dakika. Ni polepole. "Imeisha" inachukua sekunde tano na zaidi.

30 Machi. Maikrofoni sokoni

Nilitaka mtu baki asisumbuke kuandika: aongee tu, simu igeuze sauti kuwa herufi. Kibandani kwangu ilifanya kazi vizuri. Nikanunua maikrofoni ya kubana kwenye nguo, 15,000, na bando la intaneti la 6,000.

Mwaloni asubuhi ni kelele za wabeba mizigo, magari yanayorudi nyuma, watu wanaopigana bei. Mama wa kwanza alimsalimu Shangazi kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na simu ikaandika "mwanga la kaa". Shangazi akasoma hayo vidoleni, akaniuliza kwa sauti, "Kaa gani? Leo kuna kaa?" Mama yule akakunja uso.

Hilo dogo. Kubwa lilikuwa kwenye meza ya pili. Muuzaji alisema sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, ni elfu kumi na mbili. Simu ilishika "elfu kumi", iliyobaki ikamezwa na honi. Shangazi akahesabu elfu kumi kwa vidole, noti baada ya noti, akampa, akaanza kumimina dagaa kwenye ndoo yake. Muuzaji akamshika mkono. Nilikuwa hatua tano nyuma kama tulivyokubaliana, nikafika nikaeleza, nikaongeza elfu mbili, na muuzaji aliomba radhi kwa moyo. Lakini Shangazi alitetemeka mpaka Buzuruga. Miaka yote ya biashara hakuwahi kuitwa mwizi.

Nimeiondoa sauti. Kifaa kinachokosea bei ni kibaya kuliko kukosa kifaa. Mtu baki sasa anagusa herufi kubwa kwenye simu inayoning'inia kifuani mwa Shangazi kwa kamba fupi, kwa hiyo hakuna anayeondoka nayo. Na Shangazi akadai namba ziwe na ukurasa wake. Kwenye nukta nundu namba ni alama moja ya kutangulia (3, 4, 5, 6), halafu herufi a hadi j zinasimama kama 1 hadi 9 na 0. "Elfu kumi na mbili" kwa maneno ni herufi kumi na tano na nafasi zake. 12000 ni mapigo ya herufi sita. Kila bei inarudiwa mara mbili, na Shangazi huitamka kwa sauti kabla ya kufungua kibindo.

20 Aprili. Shilingi mia mbili

Kifaa kinafanya kazi na bado hakuna anayekitumia.

Kadi ya kwanza, niliyoilaminisha na kuifunga kwenye kamba, ilikuwa na maneno mengi ya heshima: mimi ni kiziwi asiyeona, naomba msaada wako wa kuwasiliana kupitia simu hii, na kadhalika. Stendi ya Igoma kijana mmoja aliisoma hadi "naomba msaada", akatoa sarafu ya mia mbili, akamwekea kiganjani, akaondoka. Shangazi alibaki ameishika ile sarafu. Alikuwa amemuuliza tu kama gari hili linafika Kirumba.

Kadi ya pili niliondoa neno msaada. Watu wakaisoma, wakatazama simu, wakatazama waya zinazotoka kwenye vidole vyake, wakarudi nyuma. Konda mmoja alidhani ni kipimo cha hospitali.

Kadi ya tatu ni ya Shangazi mwenyewe, neno kwa neno: "SIOMBI. Sioni, sisikii, naongea. Nikiuliza, nijibu hapa kwenye simu. Hujui kuandika? Niguse bega: mara 1 NDIYO, mara 2 HAPANA." Herufi nyeusi kwenye njano. Nilipomwambia neno la kwanza ni kali, alisema, "Kali ni ile mia mbili."

Kadi za kwanza mbili zilinigharimu 4,000. Nazihesabu kwenye hasara.

Pia nimeizungushia fimbo yake tepu nyekundu ya magari, mistari mistari. Fimbo nyeupe yenye nyekundu ni alama ya kiziwi asiyeona katika nchi nyingi. Hapa Mwanza bado hakuna aliyeitambua, isipokuwa dereva bajaji mmoja aliyeuliza maana yake. Alipoambiwa, akawaeleza wenzake wote wa kijiweni.

11 Mei. Salamu

Hili ndilo ninalotaka mtu anayeiga mradi huu asome hata kama ataruka mengine yote.

Kwa wiki tatu nilisimama mbali nikiangalia watu wanavyomwacha. Nilidhani wanaogopa waya. Siku ya Jumanne, kwenye duka moja karibu na nyumbani, msichana muuzaji, hana miaka ishirini, alimwona Shangazi akiingia akasema "Shikamoo mama." Kimya. Akarudia, kwa sauti. Kimya. Shangazi akaanza, "Naomba sabuni ya mche." Msichana akageukia rafu, akatoa sabuni, akaibwaga juu ya kaunta bila neno. Kadi hakuisoma. Simu hakuigusa. Alikuwa ameshaudhika, mtu mzima amekataa shikamoo yake.

Nilikuwa nimejenga mashine inayotuma bei, ndiyo, hapana, imeisha, ngoja. Salamu sikuiweka. Nani hapa kwetu huanza mazungumzo na bei?

Usiku huohuo niliweka vitufe viwili juu kabisa ya skrini, vikubwa kuliko vyote. SHIKAMOO ni mtetemo mmoja mrefu kwenye vidole vyote vitatu kwa pamoja. HABARI ni mitetemo miwili. Haviandikwi herufi kwa herufi. Vinafika papo hapo. Shangazi naye akabadilisha mwingilio wake. Sasa akifika mahali anasema kwanza, "Habari za hapa. Sisikii, nisalimieni kwenye simu." Akipata mrefu mmoja anajibu "Marahaba, hujambo?" Akipata miwili anajibu, "Nzuri, na kama umenizidi, shikamoo." Alilitunga mwenyewe hilo la mwisho, na wazee wanalipenda.

Tulirudi duka lile Alhamisi. Msichana alisikia, akasita, akanyoosha kidole kimoja akagusa SHIKAMOO. Shangazi akasema "Marahaba mwanangu" kabla msichana hajaondoa kidole kwenye kioo. Yule binti alishtuka, akaziba mdomo kwa kiganja, akagusa tena. Marahaba. Akagusa mara ya tatu. Halafu akaanza kuandika, taratibu, akitafuta kila herufi: SAMAHANI JUZI. Tulikaa pale nusu saa na wateja wakasubiri.

2 Juni. Waya, gharama, na simu kutoka Sengerema

Waya za vaibreta ni nyembamba kama unywele na hukatikia palepale zilipolehemiwa. Nimelehemu upya mara nne. Kinachosaidia: zungusha waya mara moja ndani ya pete kabla ya kutoka, weka tone la gundi ya moto juu ya kilehemu, kisha fundi cherehani ashone waya kwenye kitambaa ili mvuto uishie kwenye uzi. Jasho na mvua za masika viliozesha vilehemu viwili. Rangi ya kucha imezuia mpaka sasa.

Gharama ya kinachotumika: ubao na usafiri 33,000, betri 12,000, ubao wa kuchajia 3,500, transista na vidogo vyake 4,000, fundi cherehani 5,000, simu ya mtumba 65,000, kadi, kamba na tepu 4,500. Jumla 127,000. Vilivyopotea njiani ni 29,000, zaidi ya nusu yake maikrofoni.

Baba mmoja wa Sengerema amenipigia akitaka kifaa hiki kwa mwanawe. Kijana alizaliwa kiziwi, sasa haoni usiku na upeo wa macho unajifunga kama anayechungulia ndani ya bomba. Nilimshauri ampeleke kwa daktari wa macho, aulizie sindromu ya Usher, ugonjwa wa kurithi unaochukua usikivu na uoni. Kifaa sikumtengenezea. Mwanawe hajui nukta nundu. Lugha yake ni Lugha ya Alama. Anachohitaji ni watu watakaomwekea alama ndani ya mikono yake wakati bado ana uoni wa kujifunza kwa utulivu, na baba ajifunze wa kwanza. Nilimwambia hivyo. Alitarajia mashine, na nilisikia sauti yake ikishuka. Tumekubaliana aje Igoma akae siku nzima na Shangazi.

23 Juni. Peke yake

Jana Shangazi alikwenda Mwaloni bila mimi. Nilibaki kibandani na sikutengeneza simu hata moja.

Haya ni kwa maelezo yake. Alizungumza na watu tisa kwenda na kurudi. Watatu walitumia simu. Watano walitumia mkono: kumgusa bega, au kumwandikia kiganjani kwa kidole, herufi kubwa moja moja. Kiganja hakikuwa kwenye mpango wangu. Alianza mwenyewe mwezi uliopita, akinyoosha mkono na kusema "niandikie hapa", na kwa jibu fupi kinaushinda ubao wa ESP32. Muuza duka mmoja wa Kirumba, ambaye dini yake haimruhusu kumshika mwanamke asiye ndugu yake, aligeuza kalamu akamwandikia kwa kitako chake: 3500. Mtu wa tisa aliondoka tu bila kujibu.

Konda alimgusa bega Kirumba kama alivyomwomba, akamshusha, akamshika mkono hadi ng'ambo ya barabara. Sado mbili, bei imerudiwa mara mbili na kutamkwa mara moja. Mama yule wa "mwangaluka" alikuwepo. Amejifunza: anagusa HABARI, kisha anaandika kiganjani kwa Kisukuma, ambacho programu yangu haikijui na Shangazi anakijua tangu kuzaliwa.

Alipofika nyumbani alinipa mkono wa kushoto nikague. Waya wa kidole cha kati ulikuwa umekatika. Nilimuuliza tangu lini. Alisema tangu meza ya pili.

Leo jioni naulehemu, na namwekea waya mnene zaidi wa chaja ya zamani. Kadi ya nne itaongezwa mstari: "au niandikie kiganjani."